CBGB: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kufungwa kwa klabu ya panki ya Bowery

Majibu haya yanahusu CBGB, klabu ya muziki wa panki (punk, roki ya kasi na kelele) iliyokuwa nambari 315 Bowery, Manhattan, New York, kuanzia Desemba 1973 hadi Oktoba 2006. Tumetanguliza maswali ya kufungwa kwake kwa sababu ndiyo yanayopotoshwa zaidi. Ya muziki, ya jengo na ya namna ya kufika yako baadaye.

Ilifungwa tarehe gani hasa?

Shoo ya mwisho ilikuwa Jumapili, 15 Oktoba 2006. Makubaliano na mwenye nyumba yaliwapa hadi mwisho wa mwezi, hivyo zilibaki kama wiki mbili za kubomoa, kufunga na kupakia, huku duka la fulana likiendelea kuuza. Ndiyo maana utakuta tarehe mbili, 15 na 31 Oktoba. Kama unachouliza ni muziki, shika ya 15.

Je, ilifungwa kwa kushindwa kulipa kodi ya pango?

Hapana. Hili ndilo kosa linaloturudia kila mara, na halimtendei haki Hilly Kristal, mwanzilishi na mwenye klabu.

Mwaka 2005 mwenye nyumba alikwenda mahakamani akidai malimbikizo ya dola 91,000. Pango la wakati huo lilikuwa kama dola 19,000 kwa mwezi. Deni lililodaiwa halikuwa la miezi ambayo klabu ilikaa bila kulipa. Lilitokana na nyongeza za kodi ambazo Kristal alisema hakuwahi kuarifiwa. Klabu ilikuwa ikilipa kiwango ilichokijua, tofauti ikajilimbikiza kwenye vitabu vya upande wa pili, kisha ikaletwa yote kwa mpigo.

Agosti 2005 jaji aliamua kwamba nyongeza hizo hazikudaiwa kwa utaratibu unaotakiwa, na kwamba klabu isingeweza kutolewa kwa sababu ya deni hilo. Alisema pia kwamba mahali pale panastahili kuhesabiwa kuwa urithi wa jiji.

Ukitaka klabu ya New York iliyozidiwa na deni la kweli, itazame The Bottom Line, iliyofungwa Januari 2004 ikiwa na malimbikizo kwa mwenye nyumba wake, Chuo Kikuu cha New York. Watu huzichanganya hizi mbili kwa kuwa zilifungwa karibu karibu na hazikuwa mbali.

Kama ilishinda kesi, mbona iliondoka?

Kwa sababu kesi ilihusu deni, na kilichoiondoa klabu ni kwisha kwa mkataba. Mkataba ulikuwa unaisha 31 Agosti 2005, wiki tatu tu baada ya hukumu. Kushinda kuhusu deni kulimzuia mwenye nyumba kumtoa mpangaji kabla ya siku hiyo. Hakukumlazimisha kusaini mkataba mwingine.

Hapa ni lazima kuijua sheria ya New York kidogo. Mpangaji wa nyumba ya kuishi anaweza kuwa na kinga dhidi ya kupandishiwa kodi ovyo. Mpangaji wa biashara hana. Jiji liliwahi kuwa na udhibiti wa kodi za biashara kuanzia 1945, ukakoma mwishoni mwa 1963. Tangu miaka ya 1980 miswada imewasilishwa tena na tena ili kuwapa wafanyabiashara wadogo haki ya kujadili mkataba mpya, na mpaka CBGB inafunga milango hakuna hata mmoja uliokuwa umepita. Mkataba ukiisha, mwenye nyumba hutaja bei anayoitaka au hukataa kabisa, na mahakama haina la kufanya.

Mazungumzo ya kodi mpya, iliyokuwa ikitajwa kuwa karibu mara mbili ya ile ya zamani, hayakuzaa kitu. Mwishoni mwa 2005 pande mbili zikakubaliana: klabu ibaki hadi Oktoba 2006, kisha iondoke bila vurugu. Kwa hiyo ule mwaka mmoja na ushei wa nyongeza haukuwa huruma ya mtu. Ulinunuliwa kwa Kristal kukubali kuachia jengo.

Mwenye nyumba alikuwa tajiri gani?

Hakuwa tajiri. Alikuwa Bowery Residents' Committee, shirika la hisani lililoanzishwa 1971 kuwahudumia watu wasio na makazi, nalo lilikuwa likiwahifadhi watu wake katika jengo hilo hilo, juu ya klabu. Isitoshe, shirika lenyewe lilikuwa limekodi jengo kwa muda mrefu na kuipangishia klabu sehemu ya chini. CBGB ilikuwa mpangaji wa mpangaji.

Mkurugenzi wake, Muzzy Rosenblatt, alishikilia kwamba wajibu wake ni kwa watu wasio na pa kulala, na kwamba punguzo lolote kwa klabu lingekuwa limetoka mifukoni mwao. Mashabiki wengi walimfanya adui. Sisi tunaona hoja yake ilikuwa nzito na haikujibiwa ipasavyo. Bowery ilikuwa mtaa wa mafukara kwa miongo mingi. Juu ya klabu kulikuwa na Palace Hotel, nyumba ya vitanda vya bei ya chini kwa wanaume waliokosa pengine pa kwenda. Umaskini huo ndio uliofanya pango liwe rahisi mwaka 1973, na pango rahisi ndilo lililoiruhusu klabu kuzaliwa. Kufikia 2005 mtaa ulikuwa unajaa hoteli na nyumba za bei kali, na kila futi ya mraba ilikuwa imepata bei mpya.

Makosa tunayoyaona yako kwingine: jiji lililojivunia klabu hii mbele ya wageni halikuweka fedha za kuziba pengo kati ya kodi ambayo klabu ingeweza kulipa na ile ambayo shirika la hisani lilihitaji. Bila mtu wa tatu wa kulipa tofauti hiyo, pande mbili zenye haki ziliachwa zivutane.

Mbona haikutangazwa kuwa jengo la kihistoria?

Hata ingetangazwa, isingeokoka. Tume ya jiji ya kuhifadhi majengo, iliyoundwa 1965, hulinda umbo: kuta, madirisha, sura ya mbele, na pengine ukumbi wa ndani ulio wazi kwa umma. Hailindi mpangaji wala biashara yake. Ingeweza kumzuia mtu kubomoa ukuta, isiweze kumzuia kuuza suruali nyuma ya ukuta huo huo. Mwaka 2013 eneo la Bowery liliingizwa kwenye orodha ya taifa ya maeneo ya kihistoria, miaka saba baada ya muziki kuzimwa, na orodha hiyo nayo hailazimishi kodi kushuka.

Je, wanamuziki walijaribu kuiokoa?

Walijaribu kwa nguvu. Steven Van Zandt, mpiga gita wa bendi ya Bruce Springsteen, aliongoza kampeni ya 2005, na siku mkataba ulipoisha, 31 Agosti, kukafanyika tamasha la hadhara Washington Square Park. Kampeni ilipata magazeti, wanasiasa na saini. Haikupata ile kitu moja iliyokuwa inahitajika, yaani mkataba wa miaka mingi wenye kiwango cha kodi kilichoandikwa.

Usiku wa mwisho ulikuwaje?

Siku za mwisho zilipita bendi za Bad Brains, The Dictators, na Blondie waliopiga kwa magita yasiyo ya umeme. Jumapili ya 15 ilikuwa ya mwimbaji Patti Smith, aliyekuwa ameshika jukwaa lile kwa wiki kadhaa mwanzoni mwa 1975 pamoja na bendi ya Television, kabla hajawa na albamu hata moja. Shoo ilirushwa na redio ya setilaiti ya Sirius, ikachukua zaidi ya saa tatu na kuvuka saa sita usiku. Richard Lloyd wa Television alipanda na gita lake. Flea wa Red Hot Chili Peppers alishika besi, na saa sita ilipogonga ikawa siku yake ya kuzaliwa, ukumbi ukamwimbia.

Patti hakupiga nyimbo zake peke yake. Alipita kwenye nyimbo za Television, Blondie, Dead Boys na Ramones, bendi zilizokulia chumba kile. Mwisho wa shoo alipiga "Gloria" akiichanganya na kiitikio cha Ramones, kisha akarudi na "Elegie", wimbo wa maombolezo, akasoma majina ya wenzao waliokufa. Ramones watatu walikuwa kwenye hesabu hiyo: Joey aliyefariki 2001, Dee Dee 2002 na Johnny 2004.

Kabla ya shoo aliwaambia waandishi jambo ambalo wengi hulikata nusu. Hakusema tu kwamba vijana watapata pengine. Alisema kinachohitajika ni mahali pabovu pasipotakiwa na mtu, na mtu mmoja anayekuamini. Watu hukumbuka mahali pabovu na kumsahau yule mtu mmoja, wakati historia nzima ya CBGB inamhusu yeye.

Hilly Kristal alikuwa nani?

Alizaliwa New York 1931, akalelewa shambani New Jersey. Aliimba katika kwaya ya Radio City Music Hall na akasimamia Village Vanguard, klabu maarufu ya jazi, kabla ya kufungua baa yake Bowery mwishoni mwa miaka ya 1960. Alipoanza CBGB alikuwa na umri wa miaka 42 na hakuwa mpenzi wa kelele. Alifariki kwa saratani ya mapafu 28 Agosti 2007, miezi kumi na ushei baada ya kufunga, akiwa na miaka 75.

CBGB ni kifupi cha nini?

Ni herufi za kwanza, kwa Kiingereza, za kantri, bluugrasi na bluzi. Muziki huo ndio Kristal aliotaka kuupiga pale, na wateja wake hawakuwa wa kutosha. Herufi za pili, OMFUG, husimamia maneno yanayokaribia kusema "na muziki mwingine kwa walafi wa kuinua moyo". Mlafi hapa ni mlafi wa muziki, mtu anayeumeza bila kushiba.

Ilikuwaje klabu ya kantri ikazaa panki?

Kwa sababu mbili, moja ya nje na moja ya ndani.

Ya nje ni kwamba 3 Agosti 1973 jengo lililokuwa na Mercer Arts Center liliporomoka, na bendi changa za kusini mwa Manhattan zikakosa ukumbi. Klabu ya Max's Kansas City ilikuwepo, lakini mlango mmoja hautoshi bendi zote. Masika ya 1974 Television wakaomba nafasi kwa Kristal, naye akawapa Jumapili, siku iliyokuwa tupu. Agosti mwaka huo wakaja Ramones. Juni 1975 Talking Heads walipiga kwa mara ya kwanza wakiwatangulia Ramones, na kiangazi hicho Kristal akaandaa tamasha la bendi zisizo na mkataba wa kurekodi. Waandishi wa muziki wakaja kwa wingi, na kampuni za rekodi zikawafuata.

Ya ndani ni kanuni. Bendi ibebe vyombo vyake yenyewe, na ipige nyimbo zake yenyewe. Msomaji anayezijua bendi za hotelini, zinazokopi nyimbo za watu usiku kucha ili mteja asinyanyuke kwenye kiti, ataona uzito wa kanuni hiyo. Ukipiga kopi, hadhira inakupima kwa wimbo inaoujua. Ukipiga wimbo wako, hata ukiwa na mishiko mitatu tu ya gita (chords), hakuna wa kukulinganisha naye. Kwa Kristal kulikuwa na faida ya pili, kupunguza madai ya mirabaha kutoka vyama vya watunzi. Bendi zilizozoea kupiga pale zilichomeka kopi moja mbili, na hakuna aliyefukuzwa kwa hilo.

Bendi zililipwaje?

Mapato ya getini yalikwenda kwa bendi, mauzo ya baa yakabaki kwa klabu. Tuseme kiingilio ni dola 3 na wameingia watu 80: bendi mbili zinagawana dola 240, na mwenye baa anategemea bia. Hasara ya usiku mbaya hugawanyika, na hilo humpa mwenye baa ujasiri wa kujaribu bendi isiyojulikana. Mpango huu huharibika pale pango linapopanda. Baa yenye watu wachache siku za katikati ya wiki haiwezi kulipa dola 19,000 kwa mwezi kwa bia peke yake, na katika miaka ya mwisho fulana zilikuwa zimekuwa tegemeo kubwa kuliko chumba chenyewe.

Bendi mpya zilijaribiwa kwanza usiku wa Jumatatu. Aliyevuta watu, au aliyemgusa Kristal hata bila watu, alirudi siku nzuri zaidi.

Ni kweli ilikuwa chafu vile?

Vyoo, ndiyo. Vilikuwa chini, kuta zimejaa maandishi na stika, na hakuna picha inayovikosea. Lakini sifa ya uchafu huficha jambo muhimu: mitambo ya sauti ilikuwa bora kuliko ya klabu nyingi za ukubwa ule. Kristal alitia fedha kwenye spika na mikisa huku akiacha kuta zilivyo. Chumba kilikuwa chembamba na kirefu, baa ubavuni, jukwaa mwisho, chenye nafasi ya watu mia tatu na kitu. Chumba chembamba hurudisha mwangwi kutoka kuta mbili zinazotazamana, na gita lenye sauti kubwa hufunika mwimbaji upesi. Bila fundi mitambo mzuri maneno yasingesikika, na bendi zile zilikuwa na mengi ya kusema.

Panki ni muziki wa Wazungu tu?

Sivyo. Bad Brains, vijana weusi Marasta kutoka Washington, walihamia New York mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakaligeuza jukwaa la CBGB kwa mwendo wa kasi uliochanganywa na rege. Kutokana nao na Agnostic Front kulikua panki kali ya New York, iliyopigwa Jumapili mchana ili vijana waruhusiwe kuingia. Saa hizo zilizidi umuhimu baada ya Desemba 1985, umri wa kunywa pombe jimboni New York ulipopanda kufika 21 na usiku ukawafungia nje wengi wao. Shoo za mchana zilisimamishwa 1990 kwa sababu ya mapigano ukumbini. Nairobi ina Crystal Axis, bendi inayojiita ya panki ya Kiafrika bila kumwomba mtu ruhusa.

Kwa nini haikuhamia Las Vegas?

Kristal alipanga hivyo na alizungumza waziwazi kuhusu kubeba kila kinachobebeka, hata mabeseni ya kukojolea. Alikuwa tayari mgonjwa, na kifo chake kikaumaliza mpango.

Vitu vya ndani vilikwenda wapi? Klabu huhamishwaje?

Sehemu kubwa ya vitu ilifunguliwa na kuwekwa ghalani. Turubai la mlangoni lenye jina la klabu liliishia Rock and Roll Hall of Fame, Cleveland. Kuta hazikubebeka zote.

Tunaulizwa sana kuhusu kazi hii na watu wanaofunga kumbi zao, kwa hiyo tunaieleza. Anza na picha kabla hujagusa kitu. Piga kila ukuta kwa vipande, kila picha ikiipanda mwenzake kwa theluthi, na uweke rula ndani ya fremu ili ukubwa ujulikane baadaye. Chora ramani ya chumba na uipe kila sehemu herufi na namba. Kisha ondoa kwanza vyombo vya sauti, ukifunga lebo ncha zote mbili za kila waya. Waya usio na lebo ni waya uliopotea.

Stika na mabango usiyabandue. Tabaka la juu limeshikwa na gundi ya tabaka la chini, ukivuta moja unapasua matano. Kama ukuta umefunikwa kwa mbao, fungua ubao mzima na uondoke nao, ukiukinga usoni kwa karatasi isiyo na asidi na kuusimamisha, usiulaze mwingine juu yake. Plasta iliyoshikamana na tofali haihamishiki kirahisi. Inameguka misumeno inapotetemesha. Hiyo iache mahali pake na umshawishi anayeingia aifunike kwa kioo. Na fanya haya mapema. Siku za mwisho kila mgeni huondoka na kipande mfukoni.

Pale 315 Bowery kuna nini sasa?

Mwaka 2008 mbunifu wa mavazi John Varvatos alifungua duka la nguo za kiume. Wengi walikasirika, na tunaelewa. Hata hivyo, alibakiza sehemu ya kuta zenye mabango na maandishi, nyingine zikiwa nyuma ya kioo, na mpangaji mwingine angeweza kupaka rangi nyeupe asubuhi ya kwanza. Hulazimiki kununua kitu ili kutazama, ila hapo ni dukani, hivyo hakiki kama bado lipo na saa za kufungua kabla ya kwenda.

Nifikeje, na nione nini jirani?

Ukitoka uwanja wa JFK panda AirTrain hadi Jamaica, kisha treni ya E hadi West 4th Street, shuka ngazi hadi jukwaa la treni ya F lenye maandishi Downtown na Brooklyn, na uteremke 2nd Avenue. Toka upande wa 2nd Avenue, panda kaskazini hatua chache hadi East 1st Street, ukate kushoto. Kulia kwako, kabla ya kufika Bowery, kuna kichochoro kiitwacho Extra Place: huo ni mgongo wa klabu, na Ramones walipigwa hapo picha ya jalada la albamu yao Rocket to Russia ya 1977. Endelea hadi Bowery, geuka kulia. 315 iko upande huo huo wa kulia, ikitazamana na mwisho wa Bleecker Street. Kona inayofuata, East 2nd Street, ina kibao cha Joey Ramone Place, kilichowekwa Novemba 2003. Kimepandishwa juu sana kwa sababu kiliibwa mara nyingi.

Ukija kwa treni ya 6, shuka Bleecker Street na ufuate mtaa huo mashariki mpaka unapoisha. Mlango utakuwa mbele yako.

Jina CBGB bado linatumika?

Linatumika, na halali kisheria, kwa sababu jina ni mali tofauti na jengo. Duka la nguo za CBGB lilihamia St. Mark's Place likafungwa 2008. Baadaye limekuwepo tamasha lenye jina hilo, na mwishoni mwa 2015 ukafunguliwa mgahawa katika uwanja wa ndege wa Newark. Mgahawa huo haukuwa na uhusiano na chumba cha Bowery zaidi ya jina na mapambo.

Tunaendesha ukumbi mdogo wa muziki. Tujikinge vipi?

Kwanza mjue mnapanga kwa nani. Kama aliyewapangisha ni mpangaji naye, ombeni kuona mkataba wake mkuu: tarehe unapoisha na kama unamruhusu kupangisha. Mkataba wenu hauwezi kuishi kuliko wake.

Pili, nyongeza ya kodi. Iandikwe kwa tarakimu za kila mwaka au kwa asilimia, na mkataba useme itadaiwaje: kwa barua, siku ngapi kabla, kwa anwani ipi. Kila malipo yaandikiwe risiti inayotaja mwezi na kiasi. Kilichomwokoa Kristal mahakamani ni upande wa pili kutodai nyongeza kwa utaratibu, na si jambo la kutegemea.

Tatu, na hili ndilo kubwa: kipengele cha kuhuisha. Bila hicho, mengine yote yanakulinda hadi siku ya mwisho tu. Kiseme mpangaji ana haki ya muhula mwingine, atoe taarifa lini, na kodi mpya itakokotolewa vipi, kwa mfano na mthamini wa nje mkishindwana. Wapangaji wengi hupoteza haki hii kwa kuchelewa kutoa taarifa, kwa hiyo iandike tarehe hiyo ukutani ofisini. Anza mazungumzo miezi 18 kabla. Klabu iliyobakiza miezi mitatu haina kwa kukimbilia, na mwenye nyumba analijua hilo.

Kenya ina kinga ambayo New York haina: sheria ya wapangaji wa maduka, hoteli na migahawa, Sura ya 301, humlinda mpangaji wa biashara asiye na mkataba wa maandishi, au mwenye wa miaka isiyozidi mitano, na humruhusu kupinga notisi mbele ya baraza la kodi za majengo ya biashara. Angalia upande wa pili wake: mkataba mrefu zaidi ya hapo, usio na kipengele cha kuuvunja ndani ya miaka mitano, hutoka kwenye kinga hiyo. Mwulize wakili kabla ya kufurahia miaka kumi.

Mwisho, orodhesheni vitu vyenu siku ya kuingia na mwenye nyumba aisaini. Mikataba mingi husema kilichogongomelewa ukutani ni cha jengo. Jukwaa, kaunta na taa zitajeni kwa majina.

Nimeuziwa fulana ya CBGB "ya zamani". Nitajuaje?

Anwani ya 315 Bowery iliyochapwa kifuani haithibitishi chochote, maana zinachapwa hadi leo kwa leseni. Geuza pindo la mkono na la chini: fulana nyingi za Marekani za kabla ya katikati ya miaka ya 1990 zina mstari mmoja wa uzi, za baadaye zina miwili. Tazama lebo ya shingoni. Iliyochapwa kwa wino moja kwa moja kwenye kitambaa ni ya miaka ya karibuni. Wino wa zamani hupasuka nyufa ndogo zisizofuata mpangilio, ule uliozeeshwa kiwandani una nyufa zinazojirudia. Fulana ikifaulu vipimo vyote vitatu, inaweza kuwa ya zamani. Ikifeli cha kwanza, usilipe zaidi ya bei ya fulana mpya.